Mchezo wa Mhuri Uliopotea

Ifakara, saa nane mchana

Mwanangu Agripina,

Sabuni, ndoo, chandarua, sanduku la dawa na namna ya kumwamkia matroni, yote hayo mama yako ameshakwambia, tena mara mbili, na mara ya pili alikuwa amekushika mkono. Sitayarudia. Nyinyi wawili mmekwenda Namawala kumuaga bibi, na nyumba imebaki na mimi, tranka lako na redio. Nimekwenda kulitazama tranka. Limefungwa. Nimerudi, nimekaa, nimesimama tena kulitazama. Bado limefungwa. Unanijua baba yako.

Nakuandikia kwa sababu ya jana. Tulipokuwa tukikunja sare zako ulisema, "Baba, tusikilize ule mchezo wa mhuri, mara ya mwisho." Ukaitoa kanda kwenye kopo la biskuti, ukaikaza kwa kalamu, tukasikiliza wote watatu. Mama yako alicheka mpaka akaketi juu ya mablanketi. Wewe ulicheka. Mimi nilitoka nje nikasema nakwenda kufunga kuku, na kuku walikuwa wamefungwa zamani.

Nataka ujue kwa nini nilitoka.

"Chumba Namba Nane", kile kipindi cha redio, unakijua vizuri kuliko mimi. Siku hizi vijana wanalipa kuingia kwenye ukumbi wa video pale sokoni, lakini wewe ulipokuwa na miaka saba, kila Jumanne saa tisa alasiri, mji huu ulikuwa unanyamaza kumsikiliza Bwana Mihuri na ofisi yake. Bosi asiyejua kazi, karani aitwaye Haraka anayetembea kama kinyonga, na mhudumu wa kubeba barua, Mzee Pole. Sisi wa maofisini tulicheka zaidi ya wengine, maana tulidhani tunawacheka watu wa ofisi ya jirani.

Nimeusikiliza mchezo wa mhuri labda mara mia. Nikiulizwa nitasema haukutungwa vizuri. Nusu ya kwanza haina mfano: mhuri wa ofisi umepotea, watu wamepanga foleni mpaka barabarani, na Bwana Mihuri anagonga barua zao kwa kitako cha kikombe cha chai. Yule mama anayesema, "Bwana mkubwa, mbona mhuri huu unanuka tangawizi?" naye Bwana Mihuri anajibu, "Hiyo ndiyo alama ya usalama, ili usighushiwe." Bado nacheka nikiandika hapa. Halafu Haraka anafungua dawati lake kutafuta andazi lake na anaukuta mhuri chini ya karatasi ya andazi. Anaogopa kusema. Badala ya kusema anaanza kuwasaidia kuutafuta. Anatafuta kuliko wote. Anawaonyesha wapi watafute.

Kisha mchezo unaharibika. Sijui watunzi walichoka au muda uliwaishia. Analetwa mbuzi ofisini, hana kazi yoyote. Anakuja binamu wa bosi na wimbo mrefu. Mwigizaji mmoja anajicheka mwenyewe. Na mwisho, kwa ghafla, Bwana Mihuri anamfukuza Mzee Pole kwa kupoteza mhuri, Haraka anasema, "Afadhali yeye, miguu yake imezoea kutembea," watu wanacheka, muziki unapigwa, basi.

Wewe hukucheka pale. Ulikuwa umelala mkekani, malaria imekurudia, ukaniuliza, "Baba, kwani mhuri si uko kwa Haraka?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Sasa mbona mchezo umeisha?"

Nikasema, "Watunzi wamesahau."

Wakati nakujibu hivyo nilikuwa nimesimama mbele yako na bahasha nyuma ya mgongo wangu. Uliniuliza hiyo bahasha ni ya nini. Nikakwambia, ya zamani. Labda umesahau. Mimi sijasahau, kwa sababu ndio uongo wa kwanza niliokwambia.

Sasa nitakueleza kwa mpangilio, ndivyo nilivyofundishwa masijala, barua ya kwanza chini, ya mwisho juu.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, karani wa masijala kwenye ofisi ya serikali. Kidato cha sita, mwandiko mzuri, na hofu. Hofu ya kuandika tarehe vibaya, hofu ya kuitwa. Mzee Kasiani, babu yako Kasiani huyu aliyekufundisha baiskeli, ndiye aliyekuwa mhudumu wetu. Siku za barua za ng'ambo ya mto gari la ofisi lilitoka alfajiri kuwahi kivuko, naye akafuatana nalo na mkoba wa barua, Lupiro, Malinyi, mpaka huko kwenye mashamba ya mpunga. Kila barua inayotoka niliiandika kwenye daftari tuliloliita dispachi, naye akatia sahihi kwamba ameipokea mkononi.

Ila sisi tulikuwa na mtindo wetu. Macho yake yalikuwa yanasumbua gizani alfajiri. Kwa hiyo alitia sahihi jana yake mchana, mistari yote, kabla mimi sijatia barua mkobani. Alikuwa ananiambia, "Andika tu, kijana. Nikisaini kwako nimesaini kanisani." Mimi nikacheka, nikampa kalamu.

Jumanne ile ulikuwa na homa ya siku ya tatu, na ulikuwa umenililia asubuhi nikurekodie mchezo, kwa kuwa ungelala. Kanda mpya nilikuwa nayo juu ya meza. Saa tisa kasoro robo nikachungulia, Mkuu wetu wa ofisi ametoka. Kazi ilikuwa inaisha tisa na nusu. Nikakamata kanda, nikakamata na kilichokuwa chini yake, nikatia vyote kwenye mkoba wangu wa begani, nikapanda baiskeli. Njiani mkanda wa mkoba ukakatika. Nikafika, nikatoa kanda, mkoba nikautundika kwenye msumari ule ulio juu ya redio, nikabonyeza kitufe. Nikamcheka Haraka kwa machozi. Barua ilikuwa inaning'inia shubiri mbili juu ya kichwa changu.

Wiki tatu mkoba ulikaa pale unasubiri fundi viatu. Faili zangu nilizifunga kwenye keria.

Kisha akaja mzee mmoja kutoka Malinyi, na kofia ya ukili mkononi. Binti yake, Skolastika, aliomba mafunzo ya uuguzi. Wenzake wameitwa kwenye usaili, yeye hajaitwa, na siku ya usaili imepita. Chuo kimemwambia barua yake ililetwa hapa ofisini kwetu ipelekwe kwake.

"Binti yangu kila gari likija anatoka barabarani," alisema. "Nimemwambia akae ndani, jua kali. Hataki."

Mkuu akaita dispachi. Akaita na sisi. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Mzee Kasiani, sahihi hii ya nani?"

"Yangu, Mkuu."

"Barua iko wapi?"

"Mkuu, mimi nasaini mchana, barua natiliwa mkobani baadaye. Ndiyo kawaida yetu. Muulize kijana huyu."

Wote wakanigeukia. Agripina, wakati ule sikujua barua iko wapi. Nakuapia. Lakini nilijua alichokisema ni kweli, na nilijua kwamba ule mtindo ni kosa langu mimi mwenye daftari, si lake. Nikatazama mstari ule, mwandiko wangu mzuri na sahihi yake iliyopinda, nikasema:

"Sahihi ipo, Mkuu."

Maneno matatu, na yote ni ya kweli. Mzee Kasiani alinitazama kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo.

Siku mbili baadaye ndipo ulipotaka kuusikia tena mchezo. Kanda ililegea, nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta kalamu ya kuikazia, nikatoa bahasha. Bi Skolastika, S.L.P. ya misheni, Malinyi. Ndiyo hiyo uliyoniona nayo.

Ungedhani kesho yake nilikimbia ofisini. Nilikimbia, ni kweli, nilifika wa kwanza. Nikakuta wenzangu wameanza kutoa makabati ukutani kuitafuta. Nikavua koti. Nikawasaidia. Nilipanda juu ya meza nikapekua rafu ambazo hazijaguswa tangu uhuru, nikatoka na vumbi mpaka kwenye kope, na Mkuu akasema mbele ya wote, "Kijana huyu ni makini."

Sitaki kukufundisha kitu hapa. Nakwambia tu ilivyokuwa, maana nimeifikiria sana. Hofu haikuniambia hata siku moja, danganya. Ingeniambia hivyo ningeikatalia, nimelelewa. Iliniambia, subiri kesho. Kesho Mkuu atakuwa na hasira kidogo. Kesho mtoto atakuwa amepona. Na mtu mwangalifu kama mimi akisubiri, watu wanadhani anafikiri.

Ule ndio mwaka wa kupunguza wafanyakazi. Unakumbuka neno hilo lilivyokuwa likitajwa nyumbani kwa sauti ya chini. Kila ofisi iliambiwa ilete majina. La kwanza kwenye orodha yetu lilikuwa la Mzee Kasiani, na mbele ya jina, kwa mashine ya chapa, neno moja: uzembe. Mimi ndiye niliyelitia kwenye faili lake. Ndiyo kazi yangu. Nilitoboa matundu mawili, nikalipanga, nikaandika namba ya ukurasa.

Alipotoka alipita dirishani kwangu akasema, "Haya karani, kaa salama." Nami nikamjibu, "Shikamoo mzee," kama vile ndio anafika.

Miaka sita imepita. Mwaka huu barua yako ya kuchaguliwa kidato cha kwanza ilipokuja, ulikimbia nayo kutoka shuleni mpaka kwa Babu Kasiani kabla hujafika kwangu. Nilikukuta pale kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, umepakwa mafuta ya mnyororo shavuni, naye anakusomea kwa sauti, herufi moja moja, jina la shule. Nikasimama nje. Barua yako, mtu aliibeba. Aliitia mkobani, akasafiri nayo, akaifikisha. Nilishindwa kuingia.

Na jana, baada ya mara mia, nilisikia kitu kwenye kanda. Pale baada ya mbuzi, kelele zimejaa, Mzee Pole anasema polepole, si kwa sauti ya kuchekesha: "Nimetafuta kila mahali, Bwana Haraka. Dawati lako tu sijatafuta, maana wewe ndiye unayenionyesha pa kutafuta." Watu studio wakacheka. Nadhani walicheka kwa mazoea. Yule mwigizaji alikuwa hachekeshi. Miaka yote nimesema nusu ya pili haina kitu, na kitu kilikuwa humo, kimefunikwa na mbuzi.

Kesho Mzee Kasiani ndiye atakayelibeba tranka lako kwenye baiskeli yake mpaka stesheni. Amejitolea mwenyewe, na kufuli yake ndiyo iliyolifunga. Siwezi kutembea kando yake kesho na kukuaga mbele yake nikiwa bado na bahasha ile kwenye jalada la vyeti vyangu. Naweza, kwa kweli. Nimeweza miaka sita. Ndicho kinachonitisha.

Nimekwenda kulitazama tranka.

Nakwenda kwake sasa hivi, kabla hamjarudi. Nikikaa dakika tano zaidi nitaona ni bora kesho.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na moja kasoro.

Nilimkuta amepindua baiskeli ya mtu, magurudumu juu, mpira wa ndani uko kwenye beseni la maji. Nikamwamkia.

"Marahaba, karani. Umeleta pancha?"

"Sina pancha, mzee."

"Basi umeleta domo. Kaa hapo kwenye debe."

Sikukaa. Nilitoa bahasha nikampa. Akafuta mikono kwenye suruali, akaisogeza mbali na macho, akasoma jina, akaigeuza nyuma, akaona haijafunguliwa. Nikamweleza yote, nimesimama, kama nilivyokueleza wewe hapa. Hata habari ya kanda. Hata rafu nilizopekua.

Akarudi kwenye beseni, akauzungusha ule mpira majini taratibu mpaka mapovu yakatoka.

"Hapa ndipo," akasema. "Shika. Usiachie kidole."

Nikachuchumaa nikashika tundu. Akasugua, akapaka solusheni, akapuliza.

"Miaka sita," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kila wiki unaleta baiskeli hapa, hata ikiwa nzima."

"Ndiyo."

"Na shikamoo zako zote nilizipokea."

Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba, muda mrefu kuliko kiraka kinavyohitaji.

"Unajua kilichoniuma?" akasema. "Si kazi. Kazi ilikuwa inaisha tu, wangenipunguza hata bila barua. Ni lile neno. Mwanangu wa kwanza alilisoma. Nilimwambia mimi sijapoteza barua, akaniambia, baba, macho yako hayaoni, huenda umepoteza hujui. Nami nikaanza kuamini. Miaka sita nafikiri labda niliidondosha kivukoni."

Nikamwambia kwamba nitaandika kwa Mkuu nieleze kila kitu, neno lile litolewe au barua yangu iwekwe juu yake. Kwamba nina rasimu.

"Rasimu!" Akacheka, cheko fupi, la pua. "Miaka sita uko kwenye rasimu. Na huyu?" Akainua bahasha. "Huyu Skolastika. Umemwambia?"

"Hapana."

"Unajua aliko? Aliolewa? Analima? Yu hai?"

"Sijui, mzee."

"Basi hujaanza."

Agripina, nilikwenda pale nimebeba kosa moja na nilidhani ni zito sana, na mtu niliyemkosea ndiye aliyenionyesha kwamba nimesahau la pili. Katika miaka yote hii nimemwona yeye tu, kwa sababu yeye nilikutana naye njiani. Yule binti aliyekuwa akitoka barabarani kila gari likija sikuwahi kumwona, kwa hiyo sikuwa namwogopa, kwa hiyo nilimsahau.

Nilimuuliza kama atanisamehe. Ningekuwa na akili nisingeuliza.

"Sijui," akasema. "Niache kwanza nimalize gurudumu la mtu."

Nikaaga. Nimeshafika barabarani akaniita, nikageuka haraka.

"Kesho nitalibeba tranka la mtoto. Mtoto hana kosa. Yeye atakaa mbele kwenye bomba. Wewe utakuja kwa miguu."

"Sawa, mzee."

"Na hiyo nakala ya barua ya Mkuu uniletee. Iliyosainiwa. Usiniletee rasimu."

Nimeshaiandika, ipo hapa mezani, nakala tatu: ya Mkuu, ya faili lake, ya kwake. Nimeisaini baada ya kumaliza kuiandika, si kabla. Jumatatu naipeleka. Jumanne kivuko kikifanya kazi navuka kwenda Malinyi na bahasha, nimtafute Skolastika au baba yake. Sijui nitawaambia nini. Sina cha kuwapa isipokuwa karatasi ya usaili uliopita na jina la mtu wa kumlaumu. Mama yako nitamwambia tukitoka stesheni, kabla hatujafika nyumbani, ili nisipate mahali pa kukaa na kusubiri.

Huenda watanifukuza. Kama ni hivyo, nataka uipate habari hiyo kwangu, si kwa watoto wa watu wa huku utakaokutana nao shuleni. Na ukiipata usirudi nyumbani, wala usiandike kwamba unarudi. Wewe ulichaguliwa, barua yako ilifika, kaa usome. Mimi na mama yako tutalima.

Nasikia sauti zenu njiani. Unaimba ule wimbo wa binamu wa bosi, ule usio na maana. Barua hii nitaikunja ndani ya kamusi yako, na nitakuomba usifungue kamusi mpaka treni ipite Mlimba. Kwa hiyo ukisoma hapa utakuwa umeshaniona stesheni. Utakuwa umekaa kwenye bomba la baiskeli ya Babu Kasiani, tranka nyuma, na ukigeuka utakuwa umeniona nakuja mbali nyuma yenu, mikono mitupu, natokwa jasho, na pengine uliniita niharakishe. Sikuwa nimechelewa. Ndivyo alivyoniambia nije.

Kanda ya mhuri nimeibakiza kwenye kopo. Uliniuliza mbona mchezo umeisha. Nilikujibu vibaya.

Baba yako